Taa ya tangi la samaki: kiunganishi kimebadilika rangi, nifanyeje?

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye matangi wa Malindi na Lamu

Mtu huja kibandani na taa ya LED kwapani, ameizungushia mfuko, anasema, "Fundi, hii imekufa." Mara nyingi taa ni nzima. Kilichokufa ni kile kichwa kidogo cha plastiki ambapo waya wa taa hukutana na waya wa adapta. Kabla ya kufa kilikuwa kimebadilika rangi kwa miezi, na hakuna aliyekitazama. Maswali haya ni yale yale tunayojibu kila juma, tumeyaandika ili usome kabla ya kupanda tuktuk kuja kwetu.

Mnaposema kiunganishi, mna maana ya kipi?

Popote waya unapoweza kuchomolewa bila kukatwa. Kwenye taa nyingi za matangi ni jeki ya mviringo yenye tundu katikati, ile inayofanana na ya ruta ya intaneti. Taa nyingine zina kichwa cha kukaza kwa skrubu chenye pini mbili, tatu au nne. Mafundi wengi hukiita koneksheni tu. Kumbuka viko viwili daima, dume na jike, na ukitazama kimoja tu umetazama nusu ya shida.

Rangi niliyoiona ina maana gani?

Hapa ndipo pa kutulia, kwa maana rangi ni maelezo ya kilichotokea, na ukiifuta kabla ya kuisoma hutajua sababu. Piga picha kwanza.

Kijani, au kijani chenye ubuluu: ni kutu ya shaba. Pini nyingi ni za shaba, au shaba iliyochanganywa na zinki, iliyopakwa nikeli au dhahabu nyembamba sana. Ukiona kijani, maji ya chumvi yameshapenya ule mpako na kuifikia shaba yenyewe. Kijani kilichotanda juu tu husafishika. Kijani kilichovimba na kuinua mpako kama rangi ya ukuta inayobambuka hakina dawa.

Nyeupe ni ya kujaribiwa, maana vitu vitatu vyote ni vyeupe. Chomoa umeme, kisha dondoshea tone la maji safi. Ikiyeyuka, ni chumvi iliyotambaa kutoka tangini. Isipoyeyuka, weka tone la siki: ikitoa mapovu, ni chokaa. Ikikaa vile vile, na iko karibu na mwili wa taa wa alumini, huenda ni alumini yenyewe inaliwa. Usiionje. Tunasema hivi kwa sababu kuna walioionja.

Nyeusi ina sura mbili. Nyeusi iliyofifia, sawasawa juu ya pini, plastiki ikiwa haina kasoro, ni shaba au fedha iliyochakaa kwa hewa; gesi yenye harufu ya yai bovu inayotoka kwenye mchanga mchafu wa tangi huiharakisha. Nyeusi yenye masizi, na plastiki imekunjamana au inanuka, ni moto. Hiyo ya pili usiiwashe tena hata mara moja, hata kwa kujaribu.

Njano au hudhurungi kwenye plastiki nyeupe: ikiwa plastiki yote ya taa imegeuka njano sawasawa, ni uzee na mwanga. Ikiwa ni duara dogo kuzunguka pini moja, ni joto, na joto halitokei bila sababu.

Nyekundu kama ya msumari ulioshika kutu: kuna chuma mahali fulani, mara nyingi skrubu au springi ya kiunganishi cha bei ya chini. Safisha ukipenda, lakini anza kutafuta kingine.

Ndugu yangu Nairobi ana taa kama yangu, mwaka wa nne haijamsumbua. Yangu ya hapa Malindi haikumaliza mwaka. Niliuziwa bandia?

Si lazima. Yeye anakaa mbali na bahari, wewe unaishi ndani ya hewa yake.

Chumvi ya jikoni ikikutana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hivi au zaidi, hunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Kila mpishi wa pwani anajua: kichupa cha chumvi kinaganda, watu wanatia punje za mchele. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi kwa sababu ndani yake mna magnesi kloridi, ambayo hufanya hivyo hivyo hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Huku kwetu hewa haishuki hapo. Kwa hiyo chumvi iliyotua juu ya kiunganishi chako haikauki kamwe. Unaiona nyeupe na kavu saa nane mchana, ukija alfajiri imelowa tena. Usiku kucha ni utando wa maji ya chumvi juu ya shaba, na umeme unapita hapo hapo.

Na inatoka pande mbili. Ya kwanza ni tangi lako: kila povu la pampu ya hewa linapopasuka hurusha matone madogo, na lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ya pili ni dirisha. Kusi ikivuma, nyumba iliyo mbele ya bahari hupokea chumvi hata kama tangi ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Mwenye shaka apitishe kidole juu ya kioo cha dirisha mwezi wa saba. Ukienda Gongoni, kaskazini ya Malindi, utaona watu wanavuna chumvi kwa maji ya bahari na jua tu. Kifuniko cha tangi lako ni shamba dogo la aina ile ile.

Taa bado inawaka. Naweza kuiacha hadi mwisho wa mwezi?

Gusa kiunganishi baada ya taa kuwaka kwa muda wa saa moja, mkono ukiwa mkavu. Kikiwa baridi kama waya wenyewe, una muda wa kununua vifaa. Kikiwa cha moto kuliko waya, zima sasa hivi.

Hesabu yake ni hii. Taa ya wati 60 kwenye volti 24 hupitisha ampea 2.5. Kiunganishi safi huwa na ukinzani wa sehemu ndogo sana ya omu, joto lake halihisiki. Kutu ikiongeza ukinzani hadi nusu omu, hapo patatoa joto la wati 3 na ushee. Unaweza kusema wati 3 ni kitu gani? Ni kitu kikubwa ukikibana ndani ya plastiki yenye unene wa kidole cha mwisho. Na taa ya wati 60 hiyo hiyo ikiwa ya volti 12, mkondo ni ampea 5, na joto kwa ukinzani ule ule ni mara nne. Ndiyo sababu taa za volti 12 ndizo tunazoziona zimeungua zaidi.

Dalili nyingine za kutongojea mwisho wa mwezi: taa inapepesa ukigusa waya, upande mmoja umefifia, au inawaka vizuri asubuhi kisha inazimika ikishapata joto.

Mbona pini moja tu imeliwa na nyingine inang'aa?

Kwa sababu taa yako hutumia umeme wa mkondo mmoja, chanya na hasi havibadilishani. Ukiweka maji ya chumvi kati yao, umetengeneza kile kile kinachotumika kupaka vyuma rangi ya dhahabu kwa umeme: metali ya upande wa chanya huyeyuka, ya upande wa hasi husalimika. Kwenye jeki ya mviringo chanya mara nyingi ni katikati, kwa hiyo pini ya katikati ndiyo inayokufa.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalijui. Kama unazima taa kwa dima (kipunguza mwanga) au kidhibiti kilicho baina ya adapta na taa, mara nyingi kinachokatwa ni waya wa hasi. Chanya kinabaki na volti zake usiku kucha, na kama kiunganishi kimelowa, kinaendelea kuliwa huku taa imezima. Ukitumia taima ya ukutani inayokata umeme kabla ya adapta, usiku pini inapumzika. Taima ya ukutani haina fahari, lakini sisi tunaipenda.

Nisafisheje?

Chomoa adapta ukutani. Si kuzima swichi ya soketi, ni kuchomoa. Ondoa taa juu ya tangi kabisa, uende nayo mezani, maana utakachokiondoa ni sumu kwa viumbe wako (tazama swali la kutu iliyoanguka, huko chini).

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuanza na spiriti. Spiriti haiyeyushi chumvi vizuri. Anza na maji yasiyo na madini: yale ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa, kwa sababu rafu moja huwa na maji matupu na asidi ya betri, na chupa zinafanana kama pacha. Sukutua kiunganishi kwa maji hayo matupu mara mbili tatu, ukisugua kwa mswaki mkuukuu laini. Hapo chumvi imetoka.

Kama kijani kimebaki, chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe ya kawaida, paka pini, subiri dakika chache, sugua. Usiloweke kichwa kizima usiku kucha. Siki itapanda ndani ya waya na kuanza kula usichokiona. Kisha sukutua tena kwa maji yale, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha.

Sasa ndipo spiriti inapoingia, kazi yake ni kuyafukuza maji. Tafuta alikoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 inafaa ukikosa, ila karibu theluthi yake ni maji, basi ipe muda zaidi wa kukauka. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai: mara nyingi imetiwa mafuta ya mbarika, nayo huacha utando.

Acha ikauke kivulini penye upepo, au tumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto la chini. Usitumie msasa. Msasa unang'arisha vizuri kwa siku moja, na unaondoa mpako wa dhahabu au nikeli uliokuwa unailinda shaba. Mwezi ujao utakuta kijani maradufu.

Ukirudisha, unganisha taa na adapta kwanza, ndipo uchomeke adapta ukutani. Kuna taa ambazo adapta yake hulazimisha mkondo maalumu. Ikiwa haijaunganishwa na kitu, volti zake hupanda, na ukichomeka taa hapo zikiwa juu unaweza kuua LED kwa cheche moja.

Mama husafisha sinia za shaba kwa ukwaju na zinang'aa. Kwa nini nisitumie?

Mama hajakosea. Ukwaju na ndimu vina asidi, na asidi huondoa kutu ya shaba. Sinia za Lamu zimeng'arishwa hivyo tangu zamani. Tofauti ni kwamba sinia huoshwa kwa maji mengi na kupanguswa, hali kiunganishi kina mashimo ambayo nyuzi za ukwaju na sukari zake zitajificha na kubaki zimelowa. Ukiwa huna siki kabisa, maji ya ndimu yaliyochujwa yatakufaa, kwa masharti yale yale ya kusukutua. Majivu usiyalete karibu.

Nikishasafisha nipake nini?

Grisi ya silikoni ya umeme, kidogo mno, kama punje ya mtama. Haipitishi umeme, na watu hushtuka tukisema hivyo, lakini pini mbili zikibanana huisukuma pembeni na kukutana zenyewe, nayo inabaki kuzunguka ikizuia maji. Paka pia kwenye kile kipete cha mpira, kama kiunganishi chako kinacho.

Vaselini tumeiona kila mahali, na kwa vichwa vya betri ya gari inafanya kazi. Kwenye taa ya tangi ina kasoro mbili: hulainika na kutiririka kwa joto, na mafuta yake huvimbisha baadhi ya mipira. Ni afadhali kuliko kuacha wazi, si zaidi ya hapo.

WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, hufukuza maji na kulegeza kilichoganda, na kwa hilo ni nzuri. Ikikauka ulinzi unaobaki ni mwembamba. Usiipulizie kamwe juu au karibu na tangi.

Nilikiziba kwa silikoni ile ile iliyojenga tangi. Mbona kimeharibika haraka zaidi?

Hili tulijifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo tulikwenda Lamu, basi hadi Mokowe kisha boti, kufunga taa tatu kwenye nyumba moja ya wageni. Tukaona tufanye kazi ya kudumu: kila kiunganishi tukakizika ndani ya silikoni ya matangi, laini, imependeza. Baada ya wiki kadhaa tukapigiwa simu. Taa mbili zimezima. Tulipochana ile silikoni, ndani kulikuwa kijani kama mwani.

Silikoni nyingi za matangi hunuka siki zinapokauka, na hiyo harufu si mfano, ni asidi ya siki yenyewe inatoka. Ukiifungia pamoja na shaba, asidi haina pa kwenda. Kwa vioo ni silikoni bora. Kwa umeme ni adui. Kuna aina isiyotoa asidi, na kwenye mrija huandikwa "neutral cure", yaani isiyotoa asidi, au kuwa ni ya kutumika kwenye metali na vifaa vya umeme. Kipimo cha haraka ni pua: ukinusa siki, rudisha dukani.

Hata ile sahihi, usizibie kitu ambacho hakijakauka. Utakuwa umefungia mwizi ndani na kuondoka na ufunguo.

Nimekata kiunganishi niweke kipya, lakini waya ndani ni mweusi. Niendelee?

Kata tena. Maji ya chumvi hupanda kati ya nyuzi za waya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na gamba la nje halionyeshi chochote. Kata sentimita tatu, menya, tazama. Bado nyeusi, kata tena. Ukifika penye shaba nyekundu inayong'aa ndipo pa kuungia. Waya mweusi haushiki lehemu, na hata ukishika utakuwa umejenga juu ya uozo. Waya ukiishiwa urefu kabla ya kufika kwenye shaba safi, badilisha waya wote, na kama unaweza kupata ule unaotumika kwenye boti, wenye nyuzi za shaba zilizopakwa bati, ulipie tofauti.

Kiungo kilicholehemiwa kivishe mrija wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Tepu nyeusi ya umeme peke yake, kwa joto la Malindi, baada ya miezi michache gundi yake inateleza na tepu inajikunjua.

Ni lini hakuna haja ya kusafisha, ni kutupa tu?

Plastiki ikiwa imeyeyuka, imekunjamana au ina duara la hudhurungi. Pini ikiwa imepungua unene au inacheza. Kutu ikiwa imerudi ndani ya mwezi mmoja baada ya kusafishwa vizuri. Na badilisha dume na jike pamoja. Watu hununua dume jipya la kung'aa, wakalichomeka kwenye jike lililolegea kwa joto, na jike linaliunguza jipya kama lilivyounguza la zamani.

Ukinunua jeki ya mviringo, chukua ya zamani mkononi. Kuna zenye tundu la milimita 2.1 na za 2.5, kwa nje zote ni 5.5. Zinaingiliana kiasi cha kukudanganya. Isiyolingana hushika kwa upande mmoja tu, na hapo joto linaanza upya.

Nina mita. Napima nini?

Pima taa ikiwa inawaka, si imezimwa. Kiunganishi kibovu, bila mkondo kupita, kitakuonyesha volti 24 kamili na utamlaumu asiyehusika. Pima volti upande wa adapta kabla ya kiunganishi, kisha upande wa taa baada yake. Tofauti ikiwa sehemu ndogo ya volti, chini ya 0.1, ni sawa. Ikikaribia nusu volti, umempata. Kama huwezi kufika penye shaba bila kutoboa waya, usitoboe. Kila tundu la pini ya mita ni mlango mpya wa chumvi.

Taa yangu imeandikwa IP67. Si ina maana haipitishi maji?

Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Saba maana yake ilijaribiwa kuzama hadi mita moja kwa dakika 30, maji safi, kifaa kikiwa kipya. Haisemi lolote kuhusu chumvi ya miaka miwili. Na mara nyingi namba hiyo ni ya taa, haihusu jeki ya waya. Kiunganishi cha skrubu ambacho hakikukazwa hadi mwisho hakina IP yoyote.

Ile kutu ya kijani imeanguka tangini. Samaki watakufa?

Samaki wengi watavumilia chembe ndogo. Wasio na uti wa mgongo ndio walio hatarini: kamba, kaa, konokono, viti vya pweza, matumbawe. Shaba ni dawa inayotumiwa makusudi kutibu vimelea vya samaki wa baharini, kwa kiasi cha takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na kipimo hicho kidogo kinachowaponya samaki ndicho kinachoua kamba.

Nyonya chembe kwa mpira wa kubadilishia maji usiku huo huo, badilisha sehemu ya maji, na weka makaa maalumu ya chujio. Usingoje kuona dalili. Kisha ondoa kiunganishi juu ya maji, ambalo ndilo swali linalofuata.

Kiunganishi kikae wapi?

Popote isipokuwa juu ya tangi. Kazi yote ya kusafisha iliyoelezwa hapo juu ni bure ukikirudisha pale pale, na tunasema hivi tukijua kwamba tunajinyima wateja.

Kitoe nje ya kifuniko, kando ya tangi, kiwe wima au mdomo ukiangalia chini. Waya unaotoka kwenye taa uuache uning'inie, ushuke chini ya kiunganishi kisha upande tena kukifikia, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke kwenye ule mkunjo badala ya kuingia ndani. Fanya hivyo hivyo kwa waya wa adapta kabla ya soketi ya ukutani. Adapta isilale sakafuni, wala isikae ndani ya kabati pamoja na chujio lililo wazi. Humo ndani ni hamamu.

Punguza matone pia. Jiwe la hewa lisogeze mbali na upande wa nyaya, na weka kioo juu ya maji. Kioo chenyewe kipanguse kila juma, la sivyo chumvi itakula mwanga wako.

Na ukutani hakikisha una RCD, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hiyo hailindi kiunganishi, kwa kuwa uvujaji wa upande wa volti 24 hauioni. Inakulinda wewe siku adapta itakapopasuka au pampu itakapovuja, nawe mkono wako uko majini.

Niko Lamu, taa nimeiunganisha moja kwa moja kwenye betri ya sola. Mambo ni yale yale?

Kutu ni ile ile, moto ni mkubwa zaidi. Adapta ndogo ikielemewa hujizima. Betri haijizimi, itamwaga mkondo wote ilio nao kwenye waya wako mwembamba. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, yenye ukubwa unaolingana na taa: kwa taa ya ampea 3, fyuzi ya 5 inatosha. Halafu betri inayochajiwa hupanda kupita volti 14, hali taa imeandikwa 12. Taa nyingine huvumilia, nyingine huwaka kwa furaha kwa miezi kisha hufifia. Weka kifaa cha kusawazisha volti kati yake. Kwenye nyumba za mawe zenye kuta nene, ambamo mchana giza ni la kupendeza na unyevu haukosekani, fungua viunganishi uvitazame kila pepo zinapobadilika, Kusi ikianza na Kaskazi ikianza. Malindi nako ratiba hiyo inafaa.

Tangi langu ni la maji baridi. Je, mimi nimesalimika?

Umepata muda zaidi. Utaona chokaa nyeupe kuliko kijani, hasa ukitumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe.

Nikiloweka kwenye mchele kitakauka?

Hapana. Kula mchele.

Nimesafisha, taa imerudi kung'aa, lakini samaki wamejificha na matumbawe yamenywea. Nimeharibu nini?

Hujaharibu. Kiunganishi kilikuwa kinazidi kuchoka taratibu, mwanga ukipungua kidogo kidogo kwa miezi, na viumbe wakauzoea. Leo umewawashia jua lote kwa mara moja. Matumbawe yakipewa mwanga mkali ghafla yanaweza kupauka. Shusha dima hadi nusu, kisha pandisha kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Kama taa haina dima, inyanyue juu zaidi ya maji au punguza muda wa kuwaka, uanzie masaa manne tu kwa siku. Samaki watatoka wenyewe, kwa kawaida wakati wa chakula.